Mwanamvua na Mbegu ya Amana

Siku niliyomwona Mwanamvua kwa mara ya kwanza, alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mwalimu, katika darasa moja la shule ya kijijini kwetu Janga, akihangaika na soketi ya umeme. Alivaa ushungi wa bluu na viatu vya mvua vilivyojaa udongo. Tulikuwa tumeitwa mkutanoni, nami nikawa nimewahi, maana nikiwahi hupata nafasi ya nyuma. Nikadhani ni fundi.

"Habari ya kazi, fundi," nikamwambia.

Akatoa kichwa, akacheka. "Nzuri, kaka. Fundi wa umeme ndiye tunayemngoja. Mimi ni fundi wa takwimu."

Sikujua kama takwimu nazo zina fundi. Nilizijua zile zinazosomwa redioni, ambazo mtu huzisikia huku akisubiri matangazo ya vifo. Nikaenda kukaa nyuma.

Miaka ile muhogo wetu ulikuwa unaoza ndani kwa ndani. Ugonjwa wa michirizi hauna adabu. Shina limesimama, majani yamestawi, unang'oa unaona mzizi umenona, lakini ukiukata unakuta ndani kuna madoa ya kahawia, mkavu kama kizibo. Mke wangu Anifa alikuwa anamenya karai zima na kubakiza ya kumshibisha mtu mmoja. "Mungu anipe muhogo mwembamba lakini mweupe," alikuwa akisema, huku akiwatupia mbuzi yale mabaya, na mbuzi wenyewe wakiyanusa na kuondoka.

Wataalamu wa utafiti walikuwa na mbegu mpya, iliyosemekana inauvumilia ugonjwa huo. Lakini haikuruhusiwa kugawiwa kwa watu wote kabla ya kujaribiwa kwenye mashamba ya wakulima wa kawaida. Walichagua sehemu mbili: kwetu Janga, upande wa Kibaha, na Kurui, upande wa Kisarawe. Kama jaribio lisingeonyesha kwamba mbegu hiyo inaizidi ya kwetu, ingewekwa kando na mradi ungefungwa. Mwanamvua alitueleza hayo bila kuzunguka, umeme ulipowaka. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchambua matokeo. Mkuu wake, Dokta Onesmo, alikaa pembeni akijifuta jasho.

"Nusu yenu mtapewa mbegu mpya," alisema Mwanamvua, "na nusu mtapanda ya kwenu ile ile, ili tulinganishe. Atakayechagua si mimi wala si mwenyekiti. Ni kompyuta, na haimjui mtu."

Minong'ono ikaanza. Mwamvita, jirani yangu, mwanamke asiyeogopa mkutano, akasimama. "Hiyo kompyuta umekuja nayo wewe. Tutajuaje kama hukuifundisha majina njiani?"

"Njoo uibonyeze mwenyewe, dada."

Mwamvita akaenda mbele, akajifuta kidole kwenye kanga. Mwanamvua akasema "Bismillahi", kama nilivyokuja kumsikia akisema kila mara kabla ya kuiamuru ile mashine, na Mwamvita akabonyeza. Majina yakajipanga ukutani. La Mwamvita lilikuwemo kwenye mbegu mpya. Langu lilikuwa kwenye mbegu ya zamani. La Hussen, mwenyekiti wetu wa kitongoji, nalo likaangukia kwenye ya zamani, na hapo ndipo watu wakaamini kwamba kweli mashine haimjui mtu. Walicheka mpaka Hussen mwenyewe akacheka.

Tukapanda, tukapalilia. Mwaka ulipozunguka wakaja vijana wa kupima kutoka mjini. Walichimba eneo waliloliwekea kamba, wakapima uzito, wakaikata mizizi kuangalia madoa, wakaandika, wakaondoka. Hawakuuliza jambo, kwa kuwa hawakuagizwa kuuliza.

Muda si mrefu baadaye, gari la mradi likasimama uani kwangu. Mwanamvua alikuja na Dokta Onesmo. Nikaenda kuwaangulia madafu nyuma ya nyumba, na niliporudi nao walikuwa bado wamo garini, milango wazi, wanabishana. Walidhani siko. Watu wengi hudhani siko.

"Mashamba haya machache ndiyo yanayotuharibia," Dokta alikuwa akisema. "Yamepanda mbegu ya zamani, yakavuna kama mapya. Yatoe kwenye hesabu, tofauti itaonekana."

"Niyatoe kwa sababu gani?"

"Kwa sababu si ya kawaida."

"Kisicho cha kawaida ni kile ambacho bado hatujakielewa, Dokta. Huyu mwenye nyumba amevuna. Nikilitoa shamba lake, nimwambie alivuna lakini hakuvuna?"

Dokta akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Mwanamvua, mkutano wa kuamua hatima ya mradi ni mwezi ujao. Tukienda na jibu hili, mradi umekwisha, na mkataba wako umekwisha nao."

"Najua. Niachie wiki hizi nitafute."

Nikakohoa ili wajue nipo. Nikawapa madafu.

Alikaa kwenye mkeka wetu, akaifungua kompyuta yake mapajani. Programu aliyokuwa akiitumia ina jina la herufi moja tu, R. Anifa aliposikia hivyo akasema, "Walioitengeneza waliishiwa wino?" Mwanamvua alicheka karibu amwage dafu. Kisha akanigeuzia kioo. Kulikuwa na nukta nyingi, za kijani za mbegu mpya na nyekundu za mbegu ya zamani.

"Za wenzako siwezi kukwambia ni za nani," alisema. "Lakini hii nyekundu, iliyo juu kuliko nyekundu zote, ni wewe, kaka Isihaka."

Nikaitazama. Sijawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote, na hapo nilikuwa nukta iliyowazidi wenzake wote. Nilitamani Anifa aione, kisha nikaona haya kuitamani.

"Sasa angalia tatizo langu." Akaandika mistari michache kwa haraka. "Tuseme mbegu hizi mbili ni sawa kabisa. Nayachanganya majina yenu kama karata, nawagawa upya, naangalia bahati peke yake inaleta tofauti gani. Nafanya hivyo tena na tena." Akabonyeza. Viguzo vidogo vikaanza kujengeka kwenye kioo, vikawa rundo kama kichuguu. Mstari mwekundu ukasimama karibu na katikati yake. "Mstari ni tofauti ya kweli ya mavuno yenu. Unaona ulivyofunikwa? Bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti hii bila kutoka jasho. Kwa hiyo kompyuta inasema mbegu mpya haijathibitisha chochote. Nami nimeiona mizizi yake kwa macho yangu, myeupe. Kuna kitu sikijui."

Nilielewa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu aliyesoma kunieleza kazi yake bila kuinua sauti, kana kwamba kutokujua kwangu si uziwi.

Akamgeukia Anifa. "Dada, lile shamba mlilipanda nini?"

"Muhogo."

"Mbegu gani?"

"Yetu. Na ile ya Mwamvita."

Dokta Onesmo aliweka dafu chini.

"Mwamvita aliwapa mbegu mpya?"

"Alipoletewa ule mzigo wa miti alitukatia pingili za kupanda, mimi na wengine waliomwomba. Kwani nini?" Anifa aliwatazama wote wawili. "Sasa utamnyima mtu mbegu ya muhogo? Nyie huko mnanunua?"

Hakuna aliyekuwa ameficha. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Kwetu, mbegu ya muhogo haiuzwi na hainyimwi. Anayeomba hukatiwa, na anayenyima husemwa mpaka kwenye arusi za wanawe. Watu waliambiwa panda ya kwako, na mtu akishapewa kitu na jirani, ni cha kwake.

Mwanamvua alisimama, akaenda shambani moja kwa moja na vile viatu vyake. Akakuta mashina yetu, ya vikonyo vyekundu vya majani, yamechanganyika na ya mbegu mpya, ya vikonyo vya kijani. Akayashika moja moja. Aliporudi, uso wake ulikuwa na furaha na huzuni vyote pamoja, sijui namna ya kueleza.

"Naomba nisindikizeni Kurui," alisema. "Wakiwaona wakulima wenzao wataongea."

Tulikwenda, mimi na Anifa, kwa gari la mradi. Kurui ndiko alikozaliwa. Ndugu zake walikuwa wameondolewa kwenye jaribio tangu mwanzo, asije mtu akasema amependelea nyumba yake, kwa hiyo mama yake, Bi Zawadi, hakupewa hata pingili moja. Alitupokea kwa kisamvu cha nazi na samaki wa kukaanga. Tulipokuwa tunanawa, Mwanamvua akatupa macho nyuma ya jiko, akaacha maji yamwagike.

"Mama. Muhogo ule wa vikonyo vya kijani umetoka wapi?"

"Ule mpya? Nimepewa na Swaumu hapo jirani." Bi Zawadi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua limetoka wapi. "Wewe binti yangu ulileta mbegu kijiji kizima ukanipita mimi mlangoni. Ulitaka na majirani wanipite?"

"Mama, nilikueleza. Ni utafiti."

"Nilisikia. Na Swaumu naye alisikia. Akasema, masikini Zawadi, mtoto kamsahau, ngoja nimkatie." Anifa alikuwa ameshajiziba mdomo kwa kanga. "Mwanamvua, hebu niambie. Umekulia hapa. Umewahi kuniona nanunua mbegu ya muhogo?"

Mwanamvua alikaa kwenye kibaraza, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine sidhani yalikuwa ya kucheka. "Nimesoma miaka yote ile," alisema, "nikapanga jaribio kama vile sisi hatujuani."

Wiki zilizofuata alizunguka Janga na Kurui kwa miguu. Akienda kwa aliyepewa mbegu mpya, anaiwekea alama nyumba kwa simu, kisha anakwenda kwa aliyepangiwa ya zamani, anapata umbali kati yao. Hakumlaumu mtu. Alikuwa anauliza, "Na wewe ulimkatia nani?" na watu wakamtajia kwa fahari, maana kutoa mbegu ni sifa. Umbali wote aliuingiza kwenye ile programu. Siku moja akapita kwangu kunionyesha. Nukta nyekundu zilikuwa zimejipanga upya: walio karibu na mbegu mpya walikuwa juu, na kadiri mtu alivyokaa mbali ndivyo alivyoshuka.

"Ndiyo mbegu inatembea hiyo," alisema. "Kwa miguu, kutoka jiko hadi jiko."

Nikamwambia, na haikuwa kawaida yangu kusema, "Basi umeshapata jibu. Mbegu ni nzuri."

Akatikisa kichwa. "Nimepata dalili, kaka Isihaka. Huenda walio karibu wana udongo mzuri pia, au wanasaidiana kupalilia. Nikisema nimethibitisha, nitakuwa nimedanganya, na uongo kwenye mbegu hujulikana wakati mtu ameshapanda."

Hilo ndilo nililompendea. Alikuwa na nafasi ya kufuta nukta chache, aende mkutanoni na picha nzuri. Alikuwa na nafasi ya pili, ya kuichukua ile dalili na kuiita jibu. Zote aliziacha, na mkataba wake ulikuwa unaning'inia pale pale.

Mkutano ulifanyika Kibaha mjini, nami niliitwa pamoja na Hussen kuwakilisha wakulima. Nilikaa nyuma. Mwanamvua aliwaonyesha nukta zote, hata zile zilizomwaibisha. Akasema jaribio limeharibika, akaeleza limeharibikaje, akaomba msimu mmoja mwingine. Bwana mmoja akauliza kwa nini wakulima hawakufuata maelekezo. Mwanamvua alifungua kinywa, lakini aliyejibu alikuwa Dokta Onesmo. "Wakulima walifuata desturi zao. Sisi ndio tuliopanga vibaya." Alisema hivyo akitazama meza, na tangu siku hiyo nilimheshimu.

Walimpa msimu mmoja, kwa sharti kwamba wale vijana wa kupima hawatalipwa tena. Angepima mwenyewe.

Safari ya pili alipanga kwa namna nyingine. Kompyuta haikuchagua nyumba, ilichagua vitongoji vizima. Kitongoji kimoja wote mbegu mpya, kingine wote ya zamani, ili jirani akimkatia jirani kusiharibike kitu. Lakini vitongoji navyo vina wajomba na mashemeji. Kwenye mkutano, pale pale darasani, Hussen akamuuliza, "Na ndugu yangu wa ng'ambo ya kijito akija kuniomba?"

Mwanamvua hakutoa amri. Akasema, "Mara ya kwanza niliwapa mbegu, na mtu akipewa kitu ni chake, hawezi kumnyima mwenzake. Kosa lilikuwa langu. Safari hii siwapi. Nawawekea amana. Mizizi ni yenu, kuleni. Miti ni yangu mpaka nitakapokuja kusema imekwisha."

Sisi ni watu tunaojua amana ni nini. Ukiwekewa, hata njaa ikubane, huigusi, na huwezi kuigawa kwa sababu si yako kuigawa. Mwamvita akasema kutoka katikati, "Hapo umesema Kiswahili, mtaalamu."

Kitongoji chetu kilipata mbegu mpya. Ng'ambo ya kijito, anakokaa Mzee Saburi, mjomba wake Anifa aliyeniozesha, walipata ya zamani. Nilimwogopa kabla hajaja, na akaja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimefuata miti yangu ya muhogo."

Nilitazama chini. "Mjomba, ile miti haitoki."

"Haitoki ina mizizi mpaka wapi? Isihaka, nilikupa mtoto bila kukusumbua, leo wewe umekuwa serikali?"

"Si yangu, mjomba. Ni amana."

"Ya nani?"

"Ya Mwanamvua."

Alisimama na panga lake mkononi, anautazama muhogo wangu uliostawi mpaka kiunoni. Nilijua shamba lake lilivyokuwa. Nilijua mzizi ulivyokuwa ukikatwa kule na kutupwa. Nilikuwa tayari anitukane, na ningestahimili.

"Amana," alisema mwishowe, akaliweka panga kwapani. "Huyo binti ana akili mbaya sana. Na chai nayo ni amana?"

"Chai ipo, mjomba, karibu ukae," Anifa akaita kutoka jikoni. Mzee alikunywa vikombe vyake, akaondoka mikono mitupu. Hakuna kitu kilichoniuma mwaka ule kama kuutazama mgongo wake.

Wakati wa mavuno Mwanamvua alichimba na kupima mwenyewe, Janga na Kurui, mikono ikamtoka malengelenge. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye maelekezo ya mtu yeyote: kabla ya kupeleka matokeo mjini, aliyaleta kwanza darasani kwetu. "Nukta ni zenu," alisema, "mzione kwanza." Akamwita Mzee Saburi mbele abonyeze. Mzee akakataa, akabembelezwa, akaja.

"Bismillahi," alisema Mwanamvua.

Kompyuta ikachanganya majina ya vitongoji kama karata, na rundo la bahati likajengeka ukutani, kichuguu kile kile. Tukasubiri mstari. Ukatokea, mwekundu, mbali kabisa pembeni, peke yake, mahali ambapo rundo halikufika.

"Mbona ule umewakimbia wenzake?" akauliza Mzee Saburi.

"Hiyo ndiyo tofauti iliyoletwa na mbegu mpya, babu. Bahati imejitahidi, haikuweza kuifikia."

Mzee aliutazama mstari ule kwa muda. Kisha akanigeukia mimi, nyuma kabisa, akanitikisia kichwa. Sikuhitaji zaidi.

Matokeo yalikubaliwa Kibaha. Mwanamvua akapewa kazi Kanda ya Ziwa, kwenye utafiti wa mahindi, na sijamwona tena. Siku ya kuaga alinikuta shambani. Viatu vilikuwa vile vile. Alisimama kwenye tuta, akaupitisha mkono kwenye majani, kama mtu anayemshika mtoto kichwani. Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba nimemaliza darasa la saba tu, lakini tangu aliponionyesha nukta yangu, kila ninaposikia takwimu redioni nasimama kusikiliza, nikijua kila moja ina mwenye shamba. Nikamuuliza tu kama atakunywa dafu.

"Gari linanisubiri," alisema, huku ameshaanza kuondoka. Hatua chache mbele akageuka. "Amana imekwisha, kaka Isihaka. Mpelekee mjomba miti yake leo leo, kabla hajaja kuomba."